Mko Wengi au Mnatosha

…au mnatosha, ndivyo alivyouliza, niambie ukweli Kamanda, humu ndani mko wengi au mnatosha, na kabla sijafungua mdomo simu yake ikaita, akainua kidole kunitaka nisubiri, na sasa kasimama palepale mlangoni, nusu ndani nusu nje, simu sikioni, kidole bado kiko juu kana kwamba akikishusha nitakimbia, nikimbilie wapi mimi na goti hili, na shuka liko mikononi mwetu, ncha mbili kwangu, ncha mbili kwa wifi yangu upande wa pili, tumelivuta likakazana, shuka la hoteli, lile kubwa la kitanda cha watu wawili, bado lina joto la mashine ya kukaushia, na wifi ananitazama kwa juu yake, macho yanauliza tukunje au tungoje, nami sijui, kwa hiyo tumesimama tu, wanawake wawili wazima na shuka katikati yetu, na wale sita wengine wanajitia hamnazo, pasi zinateleza, mvuke unapanda, Mama Pacha ananyoosha foronya ambayo ilishanyooka zamani, hakuna anayekohoa, na chumba hiki hakijawahi kunyamaza namna hii tangu aondoke Redio… hapana, Redio nisamehe, leo sina nafasi yako, leo nina swali la kujibu, bosi akimaliza simu atalirudia na mimi lazima niwe na jibu, jibu moja, fupi, na kila jibu lina mtu ndani yake, nikisema tuko wengi mtu anakwenda, nikisema tunatosha atauliza je, mkipungua mmoja, namjua, swali lake la kwanza huwa ni kubisha hodi tu.

Na jana tulicheza. Saa nne, wakati wa chai, Mama Pacha akasoma kwenye simu yake, kima cha chini cha mshahara kimepanda, kuanzia mwezi ujao, kwa wafanyakazi wote, akasoma mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hatukumwamini, na vigelegele vikaanza, wifi akajifunga taulo la wateja kiunoni akacheza katikati ya meza, nami nikacheza, na goti langu hili, nikasema sasa nang'oa lile jino, nanunua godoro, nalala kama binadamu, wakacheka, wakasema Kamanda na godoro jipya, mume atakukimbia atafikiri kaingia nyumba ya watu, na katikati ya kicheko hicho nikasikia cheko moja la ziada. Najua idadi yetu. Tuko wanane, naijua sauti ya kila mmoja, na lile halikuwa la yeyote kati yetu, lilianzia tumboni likapanda polepole kama lilivyokuwa likipanda siku zote, la Redio, nikageuka kuelekea kwenye rafu za mashuka, hapakuwa na mtu, mvuke tu, wifi akaniuliza umeona nini, nikamwambia goti… goti limekuwa jibu langu la kila kitu siku hizi.

Hapana meneja, nisikilize, anasema bosi mlangoni, si mimi niliyepandisha, ni sheria… kumbe anaongea na meneja wa hoteli, mwenye mashuka haya, mwenye hili hapa tulilolikamata, sheria imetoka juzi, nifanyeje, ndiyo, najua kuna dobi wengine, najua, lakini nao watapandisha, wote watapandisha… na sauti yake imebadilika, si ile ya kutuuliza sisi, hii ni ya chini, ya kubembeleza, shingo kaiinamisha, na kola ya shati lake nimeipiga pasi mwenyewe juzi Jumatatu, mashati yake yote tunayapiga sisi, kwa hiyo hata akija kutufukuza anakuja amenyooka. Natamani angekuwa mtu mbaya. Mambo yangekuwa mepesi. Lakini goti lilipovimba yeye ndiye aliyenipeleka kwa daktari kwa gari lake, akangoja nje saa nzima, na Mama Pacha alipojifungua alituma sabuni katoni nzima na bahasha, hakutaka hata kushukuriwa, alisema tu arudi kazini akiwa mzima, sasa mtu kama huyo utamchukia kuanzia wapi, na ndiye huyohuyo aliyesimama pale miaka saba iliyopita, mlango uleule, mikono mfukoni, siku ya pili baada ya mshahara kupanda, akauliza kwa upole uleule, Kamanda, mnatosha humu?

Miaka saba. Tulikuwa kumi wakati huo, meza tano, wawili wawili, na mwenzangu wa shuka alikuwa Redio, tulimwita hivyo kwa sababu alifunguka asubuhi getini na kuzimika jioni getini, taarifa zote kwake, nani kaoa, nani kaachwa, matangazo ya vifo, hata matangazo ya sabuni aliyaimba, na kila tulipokutana kupeana ncha alininong'oneza habari moja, ncha na habari, ncha na habari, mpaka ikawa nikikunja shuka na mtu mwingine naona kama nimepewa shuka tupu. Polepole alikuwa, sikatai, kifundo cha mkono wake kilikuwa kinamuuma, alikuwa anakifunga kitambaa, na mdomo ulikuwa unakwenda kasi kuliko mikono, sote tulimtania, na yeye alijitania kabla yetu. Na mimi nilikuwa na miezi mitatu tu tangu nipewe usimamizi. Miezi mitatu, na kichwa kimevimba hivi, nilitaka bosi ajue kwamba chumba changu ni moto wa kuotea mbali, kwamba hakukosea kunichagua mimi niliyeishia darasa la saba akawaacha waliofika kidato, kwa hiyo alipouliza mnatosha sikufikiri, nilicheka, nikasema, tena kwa sauti ili wote wasikie:

"Bosi, tunatosha na tunabaki. Juzi Redio hakuja, na mashuka yote ya hoteli yalikuwa garini kabla ya saa saba."

Nilisema hivyo. Hakuna aliyenilazimisha, hakuniuliza nani alikosekana, hakuniuliza juzi kulikuwaje, aliniuliza mnatosha, neno moja, ningeweza kusema ndiyo bosi, ningeweza kusema kazi ni nyingi bosi, ningeweza kunyamaza nikaendelea kukunja, lakini nilikuwa na la kujivunia na nikalitoa, na Redio mwenyewe alikuwepo, hiyo ndiyo inayonikaba, alikuwepo mbele yangu kabisa, kashika ncha zake mbili kama wifi alivyoshika sasa hivi, na akacheka, akasema mnaona, wananisengenya nikiwa hapahapa, na bosi akacheka, na mimi nikacheka, tukacheka watu watatu. Na juzi hiyo ambayo hakuja, ruhusa nilimpa mimi, mama yake alianguka bafuni, akampeleka hospitali, nilimwambia nenda dada yangu, tutaziba… tukaziba, tukaziba vizuri mno, mpaka pengo lake halikuonekana, na mimi nikaenda kumwonyesha bosi kwamba halikuonekana.

Mwisho wa mwezi akaitwa ofisini. Akarudi kuchukua chupa yake ya chai na kandambili zake, akasema ni mshahara, umepanda, bosi hawezi kutubeba wote kumi, serikali imetaka hivyo, akalisema kama anasoma taarifa ya habari, na sisi tulilia, mimi nililia kuliko wote, machozi ya kweli, sikuwa naigiza, kwa sababu sikuwa nimeunganisha, au niliunganisha nikakata hapohapo… sijui, miaka saba nalivuta hilo mbele na nyuma, nililijua siku ile au nililijua baadaye, na kila nikifika karibu naambiwa na kichwa changu mshahara ulipanda, ni mshahara, ndio maana. Nikawaambia nyumbani, ni mshahara. Nikamwambia mama yake Redio, yule bibi wa watu, alipokuja na mkongojo kuuliza mwanangu kakosa nini, nikamwambia mama, hakukosa kitu, mshahara umepanda, na neno hilo likashuka vizuri kooni, kama dawa ya mtoto iliyotiwa sukari, nikawa nalinywa kila mwezi siku ya malipo, na malipo yalikuwa mazuri, nisidanganye, nyongeza ile iliezeka jiko langu, ilimnunulia mume wangu miwani akaacha kushika gazeti kwa urefu wa mkono, ilimlipia mwanangu mtihani, na ilikuwa haki yetu, ni haki yetu hata leo, nani kasimama mbele ya mvuke huu miaka kumi na tisa akaona hatustahili, aje anionyeshe mikono yake, naitaka nyongeza, naitaka yote, naitaka bila mtu ndani yake.

…basi meneja, punguza hata wewe kidogo, tugawane maumivu, anasema bosi, na kidole kimeshuka sasa, mkono unapapasa mwimo wa mlango, unabanduabandua rangi, hapana, ukiondoa mashuka yako hapa mimi naondoa watu, nakwambia kweli, si vitisho… na wote tumesikia, nimeona bega la Mama Pacha likipanda na kushuka, naondoa watu, meneja anamsukumia bosi, bosi anaisukumia sheria, mimi niliisukumia sheria, na sheria haina uso, ukiisukumia kitu hairudishi, ndiyo maana sote tunaipenda kwa kazi hiyo. Mikono imeanza kuniuma. Wifi kanyoosha shingo, ananiuliza kwa nyusi, nimemwashiria bado, bado kidogo.

Wiki ile ya kwanza alikuwa anakuja. Redio. Kila asubuhi, saa ileile, na aproni yake ya kazi mkobani, anakaa kwenye ngazi ya duka lililo mkabala na geti, kwa sababu hakuwa amemwambia mama yake, anatoka nyumbani kama anakwenda kazini na anakaa pale mpaka jioni, na mimi nilipita mbele yake siku tano, siku ya kwanza nikamsalimu, siku ya pili nikamsalimu haraka, siku ya tatu nikawa na kitu ninachotafuta kwenye mkoba, nikakitafuta kuanzia kona mpaka getini, mkoba mtupu, na yeye akasema nyuma yangu, bila kupaza sauti, Kamanda hujambo, nikajifanya sikusikia. Jumatatu iliyofuata hakuwepo na nilifurahi. Nilifurahi, hivyo ndivyo ilivyokuwa. Halafu mwaka ukapita na zaidi, nikamkuta uani kwa watu, nimepeleka nguo za mtoto kwa fundi nikasikia mtu anaimba tangazo la sabuni, nikajua kabla sijaona, kainama kwenye beseni, anafua nguo za nyumba tatu, kwa ndoo, wanamlipa kwa ndoo, huko kima cha chini hakifiki, huko hakuna karatasi iliyobandikwa ukutani, akainuka akafuta mikono, na kile kifundo kilikuwa kimevimba kama kiazi, akanikumbatia, akanilowanisha, akauliza habari za kila mtu kwa jina, wifi yako kaingia kazini, Mama Pacha kapata mapacha kweli au wananidanganya, nikajibu, nikajibu, na nilitaka kuondoka, nilikuwa natafuta njia ya kuondoka, ndipo akanishika mkono akasema nilimuuliza bosi, siku ile, nilimuuliza ni nani kasema mimi ndiye wa kuondoka, akaniambia hakuna mtu, ni serikali. Akanitazama. Nikasema:

"Ndiyo dada, ni serikali."

Akasema haya. Neno hilo tu, haya, Redio mwenye maneno elfu, akarudi kwenye beseni lake, na sikumwona tena, presha ilimchukua mwaka uliofuata, nasi tukasikia wakati wameshazika, na tangu hapo yuko humu, mkitaka msitake, yuko kwenye rafu, yuko nyuma ya mashine ya kukaushia inapopunguza mwendo, nikitembea kumpelekea wifi ncha za shuka nasikia pumzi ya mtu anayetaka kuninong'oneza habari, na habari yenyewe haji nayo.

Nimewapima. Tangu asubuhi, tangu nilipoliona gari la bosi limefika mapema, nimewapima wote kwa macho, niseme tu, hakuna anayenisikia, nimempima Mama Pacha na mapacha wake, hapana, nimempima wifi, wifi ni damu ya mume wangu, nitakula wapi chakula cha jioni nikimtaja wifi, nimewapima wale wawili wa mataulo, mmoja mume wake kitandani, mwingine analea wajukuu, na macho yakatua kwa Twiga. Twiga yule mrefu wa meza ya mashuka ya hospitali, wa mwisho kuajiriwa, hana mtoto, hana mume, ana kaka mwenye duka, Twiga ataweza, nikasema moyoni, Twiga ni mwepesi, popote atapata, na anafika wa kwanza kila siku anawasha pasi zote, atapendwa mahali pengine pia, nikamtafutia sababu hadi zikanipendeza, nikaliweka jina lake chini ya ulimi tayari, ikiwa bosi ataendelea kuuliza, ikiwa hakuna njia, basi ni Twiga, na nilijiona mwenye huruma kwa sababu mara hii nilichagua kwa kufikiri, si kwa kuropoka.

Mkono wa kulia unaniwaka. Nimetupa jicho chini kutafuta mahali pa kuweka mguu, goti limekaza, na pale sakafuni kuna tundu la maji, lile lenye kifuniko cha chuma cha mashimomashimo, kila meza ina lake, na tundu ndipo katikati, ndivyo nilivyowafundisha wote humu, mnavuta, mnakung'uta mara moja, kila mmoja anakwenda hatua tatu, mnakutana juu ya tundu, mmoja anainama kudaka mkunjo, shuka linalofuata anainama mwenzake, hatua sawa, mgongo sawa, hakuna wa kumchosha mwingine… na tundu liko mbali. Liko mbali na mimi. Nimelitazama tena. Sisi tumekuwa tukikutana hapa, karibu na vidole vyangu, sakafu hapa imelowa matone ya jasho la wifi, ni wifi anayekuja, hatua tano anakuja yeye, nami natoa moja, moja na nusu, na kuinama… najaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipoinama kudaka mkunjo mimi. Sikumbuki. Juzi? Sikumbuki. Wiki iliyopita ni yeye, ni yeye kila mara, tangu lini, wifi, tangu lini unanifanyia hivi na mimi nakwambia kaza mwendo, jana tu nimemwambia wifi kaza mwendo, akasema sawa wifi.

Lakini rundo letu… rundo letu liko sawa na ya wengine, meza nne, marundo manne, kila siku saa sita yanalingana kama yamepimwa kwa uzi, hilo ndilo jambo ninaloringia, namwambia kila mgeni, chumba changu hakina mzembe, tazama marundo, na mama anayetembea hatua moja na nusu na wenzake wanaotembea tatu watalinganaje… Nageuza kichwa polepole bosi asione. Rundo letu liko mezani nyuma yangu, mashuka ya hoteli, yana uzi wa buluu pembeni, meza yetu ni ya hoteli peke yake, mimi ndiye niliyegawa hivyo, buluu, buluu, buluu… kijani. Pale katikati, muhuri wa kijani umejikunja kwenye ukingo. Na chini yake mwingine. Mihuri ya hospitali. Mashuka manne, matano, yamekunjwa vizuri, kona kwa kona, yamepangwa ndani ya rundo langu, na hospitali inatoka meza moja tu humu ndani, na meza hiyo ni ya Twiga.

Huwa nakwenda kunywa maji saa tatu na nusu, kwa sababu ya vidonge vya goti, dakika kumi, nikirudi nakuta Twiga anapita karibu na meza yetu, nimekwishamgombeza kwa hilo, nimemwambia binti miguu mirefu hiyo si ya kutembezea humu, akatabasamu, akasema samahani Kamanda. Nimemgombeza. Na wote walikuwepo, wote wanaona, Mama Pacha anakaa akitazama meza yangu moja kwa moja, haiwezekani asione, wale wa mataulo wanaona, wifi anayapokea, ni nani mwingine angeyapokea, kwa hiyo walikaa wakazungumza, nikiwa wapi, nikiwa nakunywa maji, wakasema Kamanda hawezi tena, wakasema na asijue, wakagawana mwendo wangu kama watu wanavyogawana mzigo wa mgonjwa, na kwa miezi, kwa sababu goti lina mwaka sasa, mwaka mzima mimi ndiye mzembe wa chumba hiki, mimi, na nilikuwa naringia marundo.

Basi nikisema tuko wengi, wa kuondoka ni mimi. Kwa kipimo kilekile. Nilikosekana mwaka mzima na mashuka yote yalikuwa garini kabla ya saa saba. Naogopa. Sijawahi kuogopa hivi, nina miaka hamsini na sita, jino sijang'oa, godoro sijanunua, nani ataniajiri, nitakwenda kwa ndoo uani kwa watu, nitaimba nini mimi, sijui hata tangazo moja. Na wanajua. Wote saba wanajua, na jana walicheza na mimi wakijua, na leo bosi amesimama pale anatafuta mtu mmoja wa kupunguza na kila mmoja wao anaye, anayo sababu ya kumtaja na marundo ya kuonyesha, hata Twiga, hasa Twiga, neno moja tu, bosi mtazame Kamanda anavyotembea, na godoro langu linakuwa lake… na Redio, Redio hakunihitaji nimtetee siku ile, si mimi mwenye ubavu wa kumtetea mtu mbele ya bosi, alihitaji ninyamaze. Kunyamaza tu. Na yeye alisikia. Mtu aliyekuwa anakumbuka mwaka wa kila harusi alishindwa vipi kukumbuka nani alitaja jina lake akiwa kashika ncha za shuka, alikumbuka, alikumbuka pale uani akinishika mkono, alinipa nafasi ya kusema, akangoja, na nilipompa serikali akasema haya, akalimeza, yeye aliyekuwa anasema kila kitu, akalimeza kwa ajili yangu na akaenda nalo.

Sawa meneja, anasema bosi, sawa, tutaongea Ijumaa, na sauti imekwisha kabisa, anaitazama simu kama mtu aliyeokota kitu asichokijua, anaitia mfukoni, anapangusa uso kwa kiganja, anainua macho, na uso wake umechoka, na ananitazama mimi, haya Kamanda, nilikuuliza, na jina la Twiga bado liko chini ya ulimi wangu, chungu, sijui nilitemee wapi, na nimeshika ncha zangu mbili, na wifi kashika zake, na wanawake wengine sita wameinamisha vichwa juu ya pasi, wameinama mpaka visogo vinaonekana, ili asije akawauliza wao.